Sukari ya Mbuke

Simu ya kwanza saa moja kasoro, mama mmoja wa Igogo:
"Bomba linatapika mlenda. Ninyi wa maji mpo?"
Nipo, mama. Nipo na ndoo na kamba
na chupa kumi na mbili zenye vibandiko,
nimekanyaga jiwe lenye utelezi pale Mkuyuni,
ziwa limeamka limevaa kijani kizito
kama rangi iliyomwagika dukani
na mwenye duka hayupo.
Mbwa alikuja, akanusa, akaondoka na kiu yake.
Nikachota.

Maabara. Tone moja, kioo juu ya kioo, hadubini.
Uzi wa shanga: kijani, kijani, kijani, kijani,
halafu moja imepauka.
Hiyo iliyopauka ndiyo niliyoitafuta.

Ziwa letu limeshiba mengine.
Mto Mirongo hulibebea povu la sabuni, vinyesi,
maganda ya soko zima,
kila kinachonenepesha, ila naitrojeni
haitoshi mezani.
Nayo hewani imejaa, nne kwa tano ya kila pumzi,
imekumbatiana wawiliwawili, haiachani
hata uibembeleze.
Viwandani huiachanisha kwa moto na mashine,
ndipo baba akapanga foleni Magu, siku mbili,
kwa mfuko mmoja wa urea,
na jina lake halikuwemo kwenye orodha.

Bakteria hawa hawana moto. Hawana orodha.
Njaa ikibisha hodi, seli moja katika kumi
huacha kula jua.
Hujijengea ukuta, na ukuta juu ya ukuta,
huizuia oksijeni mlangoni isije ikaharibu kazi,
na humo ndani hulivunja lile kumbatio,
ikawagawia wa kushoto na wa kulia.
Haitagawanyika tena. Haitazaa.
Ikishajifunga, imejifunga.

Mbuke, dada yangu,
miaka kumi na mmoja chumba cha baridi,
kiwanda cha minofu, zamu ya usiku.
Buti nyeupe, glavu mbilimbili,
sangara wasio na vichwa wakimpita kifuani.
Anaingia jua likizama, anatoka likichoma,
analala pazia limebanwa kwa pini.
Ada yangu ya kidato cha tano ilinuka samaki.
Ya chuo pia: mhasibu alizihesabu noti zile
kwa ncha za vidole.
Posa mbili zilikuja. Alisema,
subirini kwanza, Nyanzobe amalize.
Hawakusubiri.

Lakini seli si mtu, na ripoti ni ripoti.
Niliandika: wana sumu hawa, ng'ombe asinyweshwe hapa,
na msichemshe mkadhani mmeiua,
sumu hii haiogopi sufuria.
Nikapiga mhuri. Mkono ulikuwa mzito.

Jumamosi nikamleta.
Alivua kandambili mlangoni ingawa nilimwambia asivue.
Akafumba jicho moja, akainama.
"Hii nyeupe inaumwa?"
Haiumwi. Inalisha wenzake.
"Na yenyewe inakula nini, kama jua haili?"
Majirani huipa sukari, nikasema,
huipitishia kwenye kijitundu, pale walipoungana,
unaona?
Akanyamaza. Vidole vyake vyenye makovu ya visu
vilishika ukingo wa meza.
"Kumbe," akasema, jicho bado kwenye kioo.
"Kumbe hao hupewa."

Akacheka, akaulizia choo kilipo,
akaenda zake kuwahi zamu.

Mimi nikashuka hadi Kirumba, duka la pembeni.
Nikaomba sukari, kilo mbili.
Muuzaji akauliza, kuna sherehe?
Hapana, nikasema.
Akapima, mkono wa mzani ukalala.
Nikasema, ongeza.
Akaongeza.
Nikasema, ongeza.